Nani Alitia Sahihi?

Hotuba kwa viongozi wa matawi na vijana, mjini Bungoma

Mulembe, wazee wangu. Mulembe, akina mama. Vijana, hamjambo.

Walionialika waliniomba niseme, kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, sisi watu wa Magharibi tuungane na nani. Naomba radhi mapema, sitalijibu swali hilo. Nimefundisha historia katika shule za kaunti hii mpaka nikastaafu, na kila baada ya miaka mitano nimesikia swali lilo hilo kwenye mikutano, kwenye matanga, kwenye matatu za kwenda Kitale. Kila mara tunapata jibu jipya, na kila mara tunarudi nyumbani tukilalamika kwamba tumesahauliwa. Leo nataka tuulize jambo jingine: mkataba ukishatiwa sahihi, ni nani ameutia, kwa idhini ya nani, na ndani yake mmeandikwa nini?

Nianze mbali kidogo, kwa sababu vijana wengi mnadhani mambo haya yalianza na vinara mnaowaona kwenye televisheni.

Mwaka 1960 kiliundwa chama cha KADU. Rais wake alikuwa Ronald Ngala wa Pwani, na naibu wake alikuwa mtu wetu, Masinde Muliro. Daniel arap Moi alikuwa humo pia. Kilikuwa chama cha jamii zilizoogopa kumezwa na KANU, na hoja yake kuu ilikuwa majimbo: kila eneo liwe na bunge lake na mamlaka yake. Hoja hiyo ilipiganiwa Lancaster House, kwenye mazungumzo ya uhuru kule London, mpaka ikaingia kwenye katiba ya uhuru. Kama majimbo yalikuwa jambo jema au baya, huo ni mjadala mrefu, na una upande wake wa ardhi ambao ni mchungu, sitauingia. Ninachotaka mwone ni hiki. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU. Viongozi wake walipokelewa vizuri, na baadhi yao baadaye wakawa mawaziri. Lakini ile hoja haikupokelewa. Mabunge ya majimbo yalizimwa, na nchi ikasubiri hadi katiba ya Agosti 2010 ndipo mamlaka yakashuka tena mashinani kwa jina la ugatuzi. Hesabuni wenyewe, ni miaka 46. Watu walipata nafasi, na jambo walilotumwa kulitetea likakosa mtetezi kwa karibu nusu karne.

Muliro mwenyewe aliingia baraza la mawaziri, na mwaka 1975 akaondolewa kwa sababu aliunga mkono bungeni ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya J.M. Kariuki. Naitaja habari hiyo kwa heshima, kwa sababu inaonyesha alikuwa mtu wa msimamo. Lakini alikuwa na msimamo ndani ya nyumba ya watu wengine. Siku alipotofautiana na mwenye nyumba, hakuwa na chama cha kurudi.

Sasa tuje kwenye chama cha simba, yaani Ford-Kenya, ambacho ndicho nyote mlikuja kukisikia.

Agosti 1991, katika siku ambazo kusema vyama vingi kulitosha kukufunga, wazee sita walijitokeza na vuguvugu la FORD: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz. Angalieni majina hayo yanatoka wapi: Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kati, Pwani. Desemba mwaka huo kile kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kikaondolewa. Watu walicheza barabarani. Na kabla furaha haijatulia, FORD ikapasuka. Tarehe 14 Agosti 1992 Muliro aliaga dunia katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Wiki hizo hizo chama kikagawanyika: Ford-Kenya chini ya Oginga, Ford-Asili chini ya Kenneth Matiba pamoja na Shikuku.

Uchaguzi wa Desemba 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi. Maana yake ni kwamba karibu watu wawili katika kila watatu walimkataa, lakini walimkataa wakiwa wametawanyika kwa Matiba, Kibaki na Oginga. Ford-Kenya ilipata viti 31 bungeni. Ninyi mnaosema chama hiki tangu mwanzo kilikuwa cha Wabukusu, kumbukeni hilo. Nguvu yake kubwa wakati ule ilikuwa Nyanza, na huku kwetu kura ziligawanyika kati ya KANU, Ford-Asili na Ford-Kenya. Kilikuwa chama cha kitaifa. Kimekuja kuwa cha eneo kwa kupungua, kipande baada ya kipande, na kila kipande kilikatika kwenye uamuzi wa kuungana au kutoungana na mtu fulani.

Kipande cha kwanza kilikatika 1993. Mzee Oginga aliamua chama kishirikiane na serikali ya KANU, kwa hoja kwamba maeneo yetu yalikuwa yakinyimwa maendeleo. Hoja ilikuwa na uzito. Mimi sikuicheka wakati ule wala siicheki leo. Lakini haikupita kwa wanachama. Paul Muite, aliyekuwa makamu mwenyekiti, akajiuzulu pamoja na wenzake kadhaa, na miaka miwili baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Safina. Oginga akafariki Januari 1994 na Michael Wamalwa Kijana akashika usukani.

Wamalwa mnamjua. Mwana wa Kitale, mbunge wa Saboti, mwanasheria, na msemaji ambaye ungeacha kazi ya shamba uende kumsikiliza. Tatizo ni kwamba Raila Odinga naye alikitaka kiti, na chama hakikuwa na utaratibu ambao wote wawili wangeuheshimu. Uchaguzi wa chama ulioitishwa Thika mwaka 1996 uliishia kwenye vurugu. Mwisho wa mwaka huo Raila akahama na kuingia NDP, akajiuzulu ubunge wa Lang'ata, akarudi kwa wapiga kura na akashinda kwa trekta, alama ya NDP. Nyanza ikamfuata. Uchaguzi wa 1997 ulipofika, NDP ilipata viti 21 na Ford-Kenya 17. Wamalwa, aliyegombea urais, alipata asilimia 8 hivi.

Nataka mtulie hapo kidogo. Hakuna serikali iliyokuja kukivunja chama hiki mwaka 1996. Hakuna chama kikubwa kilichokimeza. Kilivunjika kwa sababu hakikuweza kuhesabu kura zake chenyewe. Huo ndio ugonjwa wa vyama vyetu mpaka leo, na nitawaonyesha unavyofanana kwa karibu.

Niliwahi kuombwa nisimamie mchujo wa chama kimoja, jina nitaliacha, katika shule ya msingi upande wa Naitiri. Watu walipanga mstari kuanzia alfajiri. Karatasi za kura zilifika saa nane mchana, zikiwa kwenye gari la mmoja wa wagombea. Daftari la wanachama halikuwapo, tukaambiwa tutumie kadi. Kadi nazo zilikuwa zikigawiwa langoni, kitabu kizima, namba zinafuatana, wino bado unachafua vidole. Alikuwapo mama mmoja mwenye kadi ya zamani, ngumu, kona zimelika, na ndani yake amekunja risiti ya ada ya uanachama. Aliniuliza jina lake liko wapi. Sikuwa na pa kumwonyesha. Tulihesabu kura mpaka usiku kwa mwanga wa simu, tukabandika matokeo kwenye mlango wa darasa la sita. Keshoye tukasikia redioni kwamba cheti cha uteuzi amepewa mtu aliyekuwa wa tatu.

Yule mama hakuhama chama kwa sababu ya ukabila wala kwa sababu ya pesa. Uchaguzi mkuu ulipofika alimpigia kura mgombea huru, na alinieleza wazi kwa nini. Sasa niambieni: kigogo wa chama hicho akienda Nairobi kuketi mezani na vyama vikubwa, akasema nyuma yangu wako watu laki kadhaa, anamhesabu yule mama? Na wale wa upande wa pili wa meza wanajua kwamba hayupo. Wana watu wao wa kuwaeleza.

Turudi kwenye historia. Mwaka 2002 ndio mwaka ambao Ford-Kenya ilifanya jambo kubwa kuliko yote, na nitalisifu bila kusita. Wamalwa, Mwai Kibaki na Charity Ngilu waliketi, wakakubaliana kuwa na mgombea mmoja. Wamalwa aliyekuwa na haki ya kugombea kama mwingine yeyote alikubali kuwa wa pili. Kundi la Raila, ambaye NDP yake ilikuwa imeingia KANU, lilipotoka humo likaungana nao, NARC ikazaliwa, na tarehe 27 Desemba Kibaki alishinda kwa asilimia zaidi ya 60. Kama Wamalwa angeng'ang'ania, huenda tungerudia 1992. Watu wa Magharibi tuna haki ya kujivunia uamuzi ule.

Lakini tazameni ulivyoandikwa. Wagombea wetu waliingia bungeni kwa tikiti ya NARC. Simba alibaki kabatini. Makubaliano yalihusu watu: fulani atakuwa rais, fulani makamu, fulani waziri mkuu baadaye. Wamalwa akawa Makamu wa Rais Januari 2003, na tarehe 23 Agosti mwaka huo huo akafariki London. Kiti kikaenda kwa Moody Awori. Awori ni wa Busia, ni wa kwetu, sina neno naye, lakini hakuwa wa Ford-Kenya. Alitoka upande wa LDP, lile kundi la Raila. Musikari Kombo alirithi chama, akawa waziri, lakini hapakuwa na karatasi ambayo angeiweka mezani aseme, kiti hiki ni cha chama chetu, imeandikwa hapa. Na huko juu, Raila na Kibaki walikuwa wanagombana juu ya mkataba wao wa maelewano, kila upande ukiusoma kivyake, na mwananchi wa Kimilili hajawahi kuuona.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Kura ya maoni ya 2005, Ford-Kenya ikasimama na ndizi, alama ya ndiyo, pamoja na Kibaki, chungwa, alama ya hapana, likashinda. Soita Shitanda na wenzake wakatoka wakaanzisha New Ford-Kenya. Mwaka 2007 chama kikawa ndani ya PNU ya Kibaki wakati wapiga kura wengi wa Magharibi walikuwa na Raila. Kombo mwenyewe akapoteza Webuye. Kisha Moses Wetang'ula akachukua uongozi, na 2013 chama kikaenda upande wa pili kabisa, CORD, pamoja na Raila na Kalonzo. Mwaka 2017 kikawa NASA, na Musalia Mudavadi akiwamo na ANC yake. Januari 2018 Raila aliapishwa Uhuru Park kama rais wa wananchi, wenzake watatu hawakuonekana. Machi tarehe 9 akapeana mkono na Uhuru Kenyatta, na mwezi huo huo Wetang'ula akaondolewa kwenye uongozi wa wachache katika Seneti, nafasi ikaenda kwa James Orengo.

Siku zile watu wa hapa walikasirika mno. Nilisikia neno usaliti mpaka nikalichoka. Mimi niliuliza jambo dogo: mkataba wa NASA ulisema nini kuhusu kiongozi wa wachache katika Seneti, na anaondolewaje? Katika mkutano wa watu zaidi ya mia, hakuna aliyejua. Tulikuwa tunalilia haki ambayo hatukuwahi kuisoma.

Mwaka 2020, mwisho wa Mei, ikaja zamu ya ugomvi wa ndani tena. Wafula Wamunyinyi wa Kanduyi na Eseli Simiyu wa Tongaren, aliyekuwa katibu mkuu, walitangaza kwamba Wetang'ula ameondolewa. Ugomvi ukaenda kwa Msajili wa Vyama na kwenye jopo la mizozo, Wetang'ula akabaki na simba. Wenzake mwishoni wakaingia DAP-K, ambayo Eugene Wamalwa alikuwa ameisimamia, na DAP-K ikaenda Azimio, muungano wa Raila. Thika tena, ila safari hii bila mawe.

Katikati ya hayo kuna tukio moja ambalo wachambuzi hulisahau, nami naliona ndilo lenye somo kubwa kuliko mikutano yote ya vinara. Machi 2021 kulikuwa na uchaguzi mdogo Kabuchai. UDA, chama cha William Ruto, alama yake ya wilbaro ikiwa mpya na inang'aa, ilisimamisha mgombea na ikaja na wakubwa wake. Ford-Kenya ikamsimamisha Majimbo Kalasinga, na Kalasinga akashinda. Wale watu wa Kabuchai waliwaonyesha wenye wilbaro kwamba huku huwezi kupita bila kubisha hodi. Januari 2022, chini ya mwaka mmoja baadaye, ANC na Ford-Kenya ziliingia muungano wa Kenya Kwanza pamoja na UDA, na mkataba ule ulikuwa na mambo yaliyoandikwa: asilimia 30 ya serikali kwa vyama hivyo viwili, wadhifa wa Spika wa Bunge la Taifa kwa Ford-Kenya, na ahadi za barabara za lami huku Magharibi. Mimi naamini Kabuchai ndiyo iliyoandika nusu ya mkataba huo. Bila ushindi ule, nani angempa mtu uspika?

Na uspika ulikuja kweli, ukaenda kwa Wetang'ula, Septemba 2022. Tuseme ukweli, ahadi hiyo ilitimia. Lakini angalieni imetimia vipi: kilichokuwa na mwenyewe ndicho kilichotimia. Nafasi ya Spika ilikuwa na mtu wa kuidai siku hiyo hiyo. Barabara hazina mtu wa kuzidai. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009, wakati tuna mawaziri serikalini. Nzoia Sugar imekodishwa 2025 kwa mwekezaji, wakati tuna Spika. Huenda ukodishaji ni mzuri, huenda ni mbaya. Wakulima wa miwa walioko hapa watalijadili kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba hakuna mkataba wa muungano, kati ya yote niliyoyataja, ambao mkulima wa Bukembe angeushika mkononi na kusema, hapa ndipo walipoandika juu ya muwa wangu.

Sasa kuna mambo mawili ya sheria ambayo lazima myajue, kwa sababu yamebadilisha mchezo na viongozi wa matawi wengi hawayajui.

La kwanza ni pesa. Kwa Sheria ya Vyama vya Siasa, serikali hutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato yake kwa ajili ya Hazina ya Vyama, na sehemu kubwa ya fedha hizo hugawiwa kulingana na kura ambazo wagombea wa chama walipata. Kwa hiyo mkiambiwa muachie kiti fulani kwa sababu ya muungano, hamjaachia kiti tu. Mmeachia na kura, na kura ni fedha za miaka mitano, na fedha hizo ndizo zingelipia ofisi, daftari, karatasi za mchujo zifike kwa wakati bila kupanda gari la mgombea. Kuachiana maeneo kunaweza kuwa na faida. Lakini anayeachia aandikiwe analipwa nini, naye awe ameulizwa.

La pili ni mkataba wenyewe. Sheria ile inataka mkataba wa muungano uwe wa maandishi, uidhinishwe na vyombo vya uongozi vya kila chama, useme maamuzi yatafanywaje na mizozo itatatuliwaje, kisha uwasilishwe kwa Msajili wa Vyama. Si siri ya watu watatu. Kama mkataba unaidhinishwa na chombo cha chama, basi wajumbe waliotoka kaunti hii walikuwapo au walipaswa kuwapo. Ninyi mlioko hapa ndio wajumbe hao. Mlipewa nakala? Mliisoma kabla ya kuinua mikono? Nauliza kwa upendo, lakini nauliza.

Kuna vijana waliniambia nje kabla hatujaingia: Mwalimu, kwa nini tusivunje tu chama, tuingie kwenye chama kikubwa, tuwe karibu na meza? ANC imefanya hivyo. Januari 2025 ilitangaza kuungana na UDA moja kwa moja. Nawaelewa, na sitaki niwajibu kwa hasira za kizee. Nawajibu kwa mifano.

New Ford-Kenya ilijivunja ikaingia Jubilee Septemba 2016, pamoja na UDF. Jubilee ilikuwa ndicho chama tawala, kikubwa kuliko vyote. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, Jubilee yenyewe ilikuwa imesambaratika. Waliovunja nyumba zao wakahamia pale walikuwa wapi? Wengine walirudi huku kutafuta tikiti.

Tena mfano wa hapa hapa Bungoma. Kenneth Lusaka alishinda ugavana 2013 kwa tikiti ya New Ford-Kenya. Mwaka 2017 akagombea kwa Jubilee, akashindwa na Wycliffe Wangamati aliyekuwa na simba. Mwaka 2022 wakabadilishana: Wangamati akaenda DAP-K, Lusaka akaja na simba, na Lusaka akashinda. Watu ni wale wale wawili. Sisemi simba peke yake ndiye aliyeshinda. Utendaji, fedha na koo zina kazi yake pia. Lakini kuna kitu kwenye tikiti ile ambacho wanasiasa wakubwa wanakijua vizuri, ndiyo maana wanaifuata. Kitu hicho kimewekwa na watu, tangu siku za Wamalwa na kabla yake, na ni mali ya watu hao. Mwenye chama cha eneo ana uwezo wa kusema hapana, na uwezo huo ndio pekee anaokwenda nao mezani. Anayefika soko la Chwele akitangaza kwamba hawezi kurudi nyumbani na ng'ombe wake, bei atapangiwa.

Na bado, kubaki na chama hakutoshi. Ni afadhali niseme hili kwa sauti, kwa sababu najua litawaudhi baadhi ya wazee wangu walioketi mbele. Ford-Kenya ilikuwa na viti 31 mwaka 1992, 17 mwaka 1997, na katika Bunge la Taifa la 2022 ilipata 6, wakati bunge lenyewe limekua mara karibu mbili. Kwa miaka yote hiyo chama kilikuwapo. Kilikuwa na jina, kilikuwa na simba, kilikuwa na kinara. Kilichopungua ni wanachama kuamua. Chama ambacho kinara wake ndiye msemaji, ndiye mwidhinishaji wa tikiti na ndiye mtia sahihi wa muungano, kinaweza kusimama kwa jina na kuwa kimeshamezwa zamani. Mahakama Kuu ilisema Februari 2025 kwamba Spika wa Bunge hawezi kuwa kiongozi wa chama kwa wakati uo huo. Wengi huku waliuona uamuzi ule kama vita dhidi ya mtu wetu. Mimi niliuona kama nafasi: chama kijifunze kufanya kazi na vyombo vyake, kiwe na watu wa kutosha kusema na kuamua.

Basi kazi iliyopo ni ya mikono, na inaanza kwenye simu zenu. Ingieni eCitizen mwone mmeandikishwa chama gani. Kuna watu wamejikuta kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia. Mkishajua, kila tawi litengeneze daftari lake lenye jina, namba ya kitambulisho na kituo cha kupigia kura, na nakala ikae kwa mtu ambaye hagombei chochote. Mchujo wa wawakilishi wadi ndio wa kujifunzia, kwa sababu ndio wa karibu na ndio wenye macho mengi. Mkiweza kuhesabu kura za wadi moja bila ugomvi, mtaweza za kaunti.

Na wajumbe, kabla ya mkutano wowote wa kuidhinisha muungano wa 2027, dai lenu liwe moja: rasimu ije kwa matawi kwanza, kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa tawi, na kila tawi liandike barua yake. Ikiwa mnataka kuandikwe habari ya muwa, ya barabara ya Kamukuywa, ya hospitali, ya mahindi yanayooza Kitale kwa kukosa bei, mwiweke humo pamoja na tarehe na mtu wa kuulizwa. Ikiwa hakuna muda wa kusoma kwa sababu vinara wana haraka, basi hakuna muda wa kuinua mkono.

Nimeleta nakala chache za kile kifungu cha sheria kinachohusu mikataba ya miungano, ziko kwenye meza pale mlangoni. Hazitoshi wote, kwa hiyo kila tawi lichukue moja. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na akina mama walioketi nyuma.